Chakula cha Kiitaliano Unguja: mjini, pwani au ndani ya hoteli kubwa?

Waulize watu watatu wa Unguja wapi pa kula chakula cha Kiitaliano cha kweli, na kila mmoja atakuapia kwa jibu lake. Wa kwanza atasema usihangaike, Shangani, pale Mji Mkongwe, kuna kila kitu. Wa pili atacheka: Waitaliano wako Kiwengwa na Nungwi, mjini utakula cha nani? Wa tatu, aghalabu mwenye jamaa anayefanya kazi hotelini, atakwambia pigia simu hoteli kubwa, lipa mara moja, kula mpaka uchoke.

Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia chakula chake. Yupo mwenye piza kichwani, yupo mwenye tambi za kamba na pweza, na yupo anayetaka meza ndefu ya familia ambayo kila mtu atapata anachokipenda. Ndiyo maana naona ni kosa kuanza na jina la mkahawa. Anza na sahani. Ukishajua unataka kula nini na utakuwa na nani, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Kabla ya kuendelea, tuiweke kando piza ya Forodhani. Unga unaotandazwa mpaka uonyeshe mkono upande wa pili, ukatiwa nyama ya kusaga, yai, kitunguu na mayonezi, ukakunjwa na kukaangwa juu ya bamba, ni chakula kitamu na sina ugomvi nacho. Lakini jamaa zake ni chapati na mkate wa nyama, Napoli, mji wa Italia ilikotoka piza, hauhusiki. Anayeingia mkahawa wa Kiitaliano akiitarajia hiyo atatoka amenuna.

Tunachokilinganisha

Chaguo la kwanza naliita mjini: mikahawa midogo ya Mji Mkongwe na ukingoni mwake, mingi ikiwa ndani ya nyumba za zamani za mawe, mingine juu kabisa kwenye sakafu ya dari.

La pili ni pwani: mikahawa inayojitegemea kwenye vijiji vya utalii kama Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, ambako utakuta wenye mali Waitaliano au wapishi wa Kizanzibari waliofundishwa nao kazi. Italia imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zinazoleta wageni wengi Zanzibar, na Kiwengwa hasa vijana wa ufukweni wanazungumza Kiitaliano kabla ya Kiingereza.

La tatu ni hotelini: mkahawa wa Kiitaliano, au usiku wa Kiitaliano wa wiki, ndani ya hoteli kubwa za ufukweni zinazouza malazi na chakula kwa pamoja.

Sitaji mkahawa wowote kwa jina, kwa sababu hapa kwetu mpishi akihama ladha imehama naye, na wapishi wanahama kila msimu. Nitayapima haya matatu kwa sahani yenyewe, uhalali wa kilichomo, gharama mpaka unarudi nyumbani, njia na saa, kisha watu uliofuatana nao. Nitakaa zaidi kwenye vipimo viwili vya mwanzo, sahani na uhalali, maana ndipo watu wanapokosea.

Sahani yenyewe

Tuanze na piza. Unga wa piza ya Napoli ni ngano, maji, chumvi na hamira, basi. Sukari haimo wala mafuta. Chama cha Napoli kinacholinda mapishi hayo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kinataka unga uumuke kwa saa nyingi, kisha piza iokwe kwa sekunde 60 hadi 90 tu katika tanuri, la kuni kwa asili, ambalo joto lake linapita nyuzi 400 za sentigredi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapishi hao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kwa hiyo usiulize kwanza mpishi katoka wapi. Uliza wana tanuri gani. Oveni ya kawaida ya umeme au gesi inaishia nyuzi 250 au 300. Humo piza hukaa dakika nane au kumi, unyevu unatoka wote, na unabaki na mkate mkavu wenye jibini juu. Katika tanuri la kuni ukingo unavimba, unapata madoa meusi, na katikati panabaki laini kiasi kwamba kipande kinainama ukikiinua. Watu wengi hapa hudhani piza inayoinama haijaiva. Imeiva. Roma nao wana yao, nyembamba na inayovunjika kwa mlio, kwa hivyo wembamba nao si kasoro. Kasoro ni unga uliokurupushwa.

Na hali yetu ya hewa inaukurupusha kweli. Mwezi wa Februari ukiacha unga wa hamira juu ya meza Unguja, unachacha kabla haujapata ladha. Anayejua kazi yake huuumusha taratibu ndani ya friji, pengine usiku kucha, na hilo linahitaji umeme usiokatika au jenereta inayoitika.

Kwa piza, pwani ina faida ya asili: kiwanja kipo, tanuri linajengwa nje, moshi unakwenda na upepo. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene na majirani wa karibu, na si kila moja inaweza kubeba tanuri la kuni na bomba lake. Zipo zinazoweza, na ukizipata huna haja ya kusafiri. Hoteli nyingi kubwa zina tanuri pia, mara nyingi kando ya bwawa la kuogelea na mchana tu, kwa hiyo uliza linawashwa saa ngapi. Usiku unaweza kukuta piza zilizokatwa zamani zikingoja chini ya taa ya joto, na piza haingojeki.

Tambi ni hesabu nyingine. Tambi kavu za Kiitaliano hutengenezwa kwa ngano ngumu, na tangu mwaka 1967 sheria ya huko ndiyo inayotaka hivyo. Ngano hiyo ndiyo inayoziwezesha kuiva na bado zikakaza kidogo kwenye jino. Sisi tuliokulia tambi za nazi na iliki kwenye futari, zile zinazoteleza zenyewe, tunazionja hizi tukasema jikoni wamefanya haraka. Usizirudishe. Tafuna mara mbili tatu, uone mchuzi ulivyoshika.

Kilicho muhimu kwa tambi ni dakika chache kati ya sufuria na meza. Mpishi huzitoa kwenye maji kabla hazijamaliza kuiva, anazimalizia ndani ya kikaango pamoja na mchuzi na maji kidogo ya zile zile tambi, kisha zinakuja mezani mbio. Meza ya kujipakulia ya hoteli haiwezi kufanya hivyo. Tambi zikikaa kwenye trei ya moto zinaendelea kuiva, zinanywa mchuzi wote, na baada ya nusu saa zimekuwa bonge. Isipokuwa hoteli yenye mpishi anayekupikia papo hapo mbele yako: hapo nenda kwake, ipite trei. Mjini na pwani kwa tambi wanalingana, na hapa mjini pengine pana nafuu kidogo, maana mkahawa mdogo wenye meza chache na menyu ya ukurasa mmoja ndio hasa uliotengenezwa kwa kazi hii. Menyu ndefu nisameheni, siiamini. Jikoni lenye piza aina 40, biriani, kari ya Kitailandi na baga haliwezi kuwa na unga mzuri, mchuzi mzuri na samaki mzuri kwa siku moja.

Kuna dalili nyingine za kujua jikoni linafuata njia gani. Mchuzi wa tambi za carbonara za Roma ni mayai, jibini ya kondoo, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, krimu haimo. Ukiona carbonara nyeupe inayoelea kwenye krimu, jua umeingia mahali pengine, ingawa inaweza kuwa tamu. Tambi za kuku nazo ni mapishi ya ng'ambo ya Italia. Hakuna anayekukataza kuzipenda, ila usizilipie bei ya uhalisi.

Sasa vya baharini, na hapa ndipo Unguja inapoweza kuishinda Milano. Kule watu hula tambi za vitu vya mwambani, kome na viumbe vidogo vya magamba ambavyo hapa aghalabu vinakuja vikiwa vimegandishwa au ndani ya kopo. Mpishi wa Sicilia angetumia kilichotoka baharini asubuhi. Mpishi wa Nungwi anayeweka kamba, ngisi, kaa na pweza wa hapa, kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na nyanya chache, ni Mwitaliano zaidi kuliko anayefungua kopo lililosafiri kutoka kwao. Wala usishangae ukinyimwa jibini juu ya tambi za samaki. Ndio utaratibu wao.

Wanaotaka pweza watazame mwezi. Siku za bamvua maji yanatoka mbali, mwamba unakauka, na kina mama na vijana wanarudi na pweza wa kutosha. Maji mafu yakiingia, anayekuuzia pweza wa leo mwulize vizuri. Kwa pweza lakini barafu si dhambi, humlainisha. Samaki wa minofu ndiye anayeonyesha kuwa amelala barafuni: nyama inaachia maji na inakatika hovyo.

Pwani wanapokea kutoka diko la kijiji, wakati mwingine kwa mvuvi yule yule kila siku. Mjini wana masoko ya Malindi na Darajani, kwa hiyo hawana kisingizio. Hoteli kubwa hununua kwa wingi na kwa mpango, jambo linalohakikisha kamba hawakosekani hata bahari ikichafuka wakati wa kusi, lakini ni nadra kukwambia samaki huyu kavuliwa wapi.

Nguruwe na mvinyo

Wengi wetu tunaanzia hapa hata tukijifanya tunaanzia kwenye ladha. Chakula cha Kiitaliano kina nguruwe na mvinyo katika sehemu ambazo jina la sahani halikuonyeshi, na mhudumu mgeni wa kazi naye anaweza asijue.

Majina ya kuyakariri ni haya. Prosciutto, pancetta, guanciale, speck, mortadella na 'nduja vyote ni nguruwe, na salame na salsiccia mara nyingi pia. Bresaola ni ng'ombe. Tambi za amatriciana na carbonara zinajengwa juu ya nguruwe, na ragù, ule mchuzi mzito wa nyama wa Bologna, mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe halafu ukamwagiwa mvinyo. Mkanganyiko mmoja wa bure: kwa Kiitaliano peperoni ni mapilipili boga tu, hayana nyama, lakini kwenye menyu za Kimarekani neno hilo likiandikwa pepperoni ni soseji. Menyu za hapa hutumia vyote viwili, basi uliza.

Mvinyo umejificha zaidi. Risotto, ule wali wa Kiitaliano, karibu zote huanza kwa kumwagiwa mvinyo mweupe kabla ya supu. Tambi za vitu vya mwambani vile vile. Kwenye vitamu, tiramisù wapo wanaoitia pombe na wapo wasioitia. Panna cotta, ile krimu ya kugandishwa, inagandishwa kwa jelatini, ambayo huenda ikawa ya nguruwe. Na ukiambiwa kwamba pombe imeshaungua motoni, shukuru kwa taarifa, lakini huo ni uamuzi wako na dini yako, mhudumu hana sehemu.

Zipo sahani zisizo na shaka kubwa na bado ni za Kiitaliano kabisa: tambi za nyanya na kirihani cha kwao, tambi za kitunguu saumu na pilipili, tambi alla Norma za Catania zenye biringani na jibini, piza margherita, na piza marinara ambayo licha ya jina lake la kibaharia haina samaki wala jibini, ni nyanya, saumu, oregano na mafuta.

Mjini ndipo penye nafuu katika jambo hili. Wahudumu na wapishi wengi ni wenyeji Waislamu, na mhudumu aliyezaliwa Kikwajuni anajua unauliza nini kabla hujamaliza sentensi. Nafasi ya kupata meza isiyo na pombe jirani nayo ni kubwa zaidi kuliko ufukweni.

Pwani imejengwa kwa ajili ya mgeni, na nguruwe wa kuagizwa humo ni jambo la kawaida. Faida yake ni kwamba jikoni ni dogo na mpishi anafikika. Mwite, mwambie sile nguruwe wala mvinyo, na mwulize kama koleo la tanuri na mashine ya kukatia nyama vinatumika kwa vyote. Wapishi wa Kiitaliano niliowasikia wakiulizwa hivi hawakukasirika hata kidogo. Wamezoea watu wa kila namna ya masharti.

Hotelini kila trei ina kibao chenye jina la chakula na mara nyingi alama ya nguruwe, jambo zuri. Tatizo ni vijiko vya kupakulia, vinavyohama trei moja hadi nyingine kadiri usiku unavyosonga. Mwenye kushikilia sana aende mapema, au aagize kutoka jikoni.

Gharama mpaka unarudi nyumbani

Bei iliyo kwenye menyu ni mwanzo wa hesabu. Uliza kama kodi na ada ya huduma vimo ndani. Uliza kama bei ni shilingi, na kama imepigwa hesabu kutoka dola, imepigwa kwa kiwango gani. Maji ya chupa na mkate unaoletwa bila kuagizwa navyo vina bei. Italia kwenyewe hutoza kiti na mkate, kwa hiyo ukiona mstari huo usidhani umeonewa peke yako.

Mjini bili ndiyo gharama yote, ukiongeza nauli ndogo. Unaweza kuagiza piza moja na tambi moja mkagawana wawili, ukatoka bila majuto. Kwa Waitaliano piza ni ya mtu mmoja, lakini sinia ni mila yetu na hakuna atakayekufukuza.

Pwani bili yenyewe inaweza kuwa sawa na ya mjini au kupita kidogo, lakini gari ndilo linaloamua. Ukienda mchana kwa gari ya shamba, yaani daladala namba 116 ya Nungwi au 117 ya Kiwengwa, nauli haihisiki. Ukienda usiku utahitaji teksi ya kwenda, kungoja na kurudi, na hapo piza imekuwa ghali kuliko ya Napoli.

Hotelini ni bei moja ya mtu mzima, watoto kwa punguzo, na mara nyingi inaonekana kubwa mpaka uigawe. Mla kidogo anapata hasara. Baba wa watoto wanne wanaokula kila baada ya saa moja anapata faida. Uliza mambo mawili kwenye simu: vinywaji vimo? na kuna bei ya mkaazi? Hoteli nyingi zinayo hiyo ya pili lakini haitajwi mpaka iulizwe.

Njia, saa na msimu

Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka mjini, Kiwengwa zaidi kidogo ya 40. Gari za shamba zinapungua jua likizama, kwa hiyo chakula cha jioni pwani bila usafiri wako ni kulala huko huko. Mchana ni raha tupu. Nenda baada ya Adhuhuri, kula taratibu, rudi kabla ya Magharibi.

Msimu nao una neno. Masika, mwezi wa Aprili na Mei, mikahawa mingi ya pwani hufunga kabisa au hupunguza menyu, na hoteli nyingine hufanya ukarabati. Agosti ni kinyume chake: Waitaliano wana sikukuu yao kubwa tarehe 15 mwezi huo, nchi nzima kwao iko likizo, na wengi wako huku. Jikoni linakuwa katika hali yake bora, maana linawapikia wenye chakula chao, lakini meza utaipata kwa kuwahi. Hoteli siku hizo, na tena kuanzia Krismasi hadi mwaka mpya, mara nyingi hazipokei watu wa nje. Mwezi wa Ramadhani mjini mchana kumefungwa au kumefunikwa mapazia. Usiku baada ya Tarawehe ndipo pazuri.

Hotelini usiende bila kupiga simu. Getini kuna orodha, na kama jina lako halimo utabishana na mlinzi ambaye hana kosa.

Watoto, wazee na macho ya watu

Sakafu za juu za Mji Mkongwe zina upepo na mandhari, na zina ngazi. Ngazi za zamani, za mbao, zilizosimama. Bibi mwenye magoti mabovu atafika juu amechoka hata hamu imekwisha, na gari haiingii kwenye vichochoro. Uliza kama wana meza chini.

Pwani watoto watachimba mchanga wakati mnangoja, na kungoja kupo, maana chakula kinapikwa unapoagiza. Hotelini kuna viti vya watoto, vyoo vya karibu na njia ya kiti cha magurudumu. Lakini hotelini na ufukweni pia kuna wageni waliovaa nguo za kuogea mpaka mezani. Wapo wazee wasiojali na wapo watakaotazama sahani yao mwanzo hadi mwisho bila kuinua uso. Wewe ndiye unayewajua wako.

Kwa hali yako

Wawili mnaotaka jioni yenu, na mnapenda tambi: mjini, mkahawa mdogo, wekeni nafasi ya juu darini kabla ya Magharibi ili mlione jua, mkale baada ya Isha. Msiagize hatua zote za Kiitaliano, kianzio, tambi, kisha nyama, kisha kitamu, kama hamjazoea; kianzio kimoja cha kugawana na tambi kila mtu vinatosha, na nafasi ya kitamu itabaki.

Kundi la marafiki au wafanyakazi wenzako mnaochanga: pwani, mchana, siku ya bamvua kama mnapenda pweza. Agizeni piza kadhaa tofauti zije moja moja kutoka tanurini badala ya zote pamoja, mle kila moja ikiwa moto. Waambieni tu mapema, watafurahi.

Familia kubwa yenye watoto na wazee: hoteli, chakula cha mchana, nje ya msimu wa wageni wengi, baada ya kuuliza bei ya mkaazi. Kama bibi hataki kuona bwawa, mjini kwenye meza ya chini.

Mwenye msimamo katika halali ambaye hataki kuhoji kila sahani: mjini mahali pasipouzwa pombe, au pika nyumbani. Tambi za ngano ngumu na nyanya za kopo zipo madukani, saumu na pilipili zipo Darajani, na sahani ya aglio e olio, zile tambi za saumu na mafuta, inaiva kwa robo saa. Maji ya kuchemshia yatie chumvi ya kutosha.

Umekuja kutoka Pemba kwa boti na una usiku mmoja Unguja: usijaribu Nungwi. Kaa mjini, na hata kama piza si ya tanuri la kuni, tambi zitakulipa.

Unataka kuijua piza yenyewe, uone inavyofanywa: pwani, saa za mwanzo za kufungua, kaa karibu na tanuri. Mpishi asiye na wateja wengi ataongea mwenyewe.

Unamkirimu mgeni Mwitaliano: usimpeleke popote kati ya hapa. Mpe urojo.

Na kama ni Aprili, mvua inapiga na hamu imekushika, pigia simu mahali pa mjini kwanza. Pwani utakuta viti vimegeuzwa juu ya meza. Hoteli chache zilizobaki wazi wakati huo zina nafasi tele na hupunguza bei, na kwa wageni wachache mpishi huwa radhi kupika kwa kuagizwa badala ya kujaza trei.